Kikao cha amani kisicho na wanawake: ni nini hubaki nje?

Kila damu inapomwagika katika kaunti zetu, mambo hufuata mpangilio ule ule. Polisi hutumwa. Viongozi huja kwa helikopta, hutoa pole na kuahidi uchunguzi. Baada ya wiki kadhaa huitwa kikao cha amani. Viti hupangwa chini ya mwembe, wazee wa upande huu huku, wazee wa upande ule kule, na maafisa wa serikali katikati. Wanawake ukiwatafuta utawakuta wawili watatu wamekaa mkekani nyuma kabisa, na wengine wako jikoni wanapika chakula cha wageni. Dua husomwa, picha hupigwa, watu hurudi makwao.

Halafu miaka michache ikipita, damu humwagika tena.

Wengi wakisikia habari ya wanawake kushirikishwa katika amani hudhani ni jambo la semina za hotelini, la mashirika na wafadhili. Makala haya yanaeleza kwa nini sivyo. Mwanamke asipokuwepo wakati mkataba unaandikwa, yapo mambo ambayo hayataandikwa, na aghalabu ni hayo hayo yanayorudisha vita.

Tuanze nyumbani

Alfajiri ya Agosti 22, 2012, kijiji cha Riketa katika Tana Delta kilivamiwa. Zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Septemba ikaja zamu ya Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako hata polisi waliuawa. Desemba ikawa Kipao. Kufikia mapema mwaka 2013 waliokufa walikuwa zaidi ya mia moja, na maelfu walikuwa wameyakimbia makazi yao. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka.

Chanzo kinajulikana na kila mtu aliyekaa Garsen au Hola. Wapokomo ni wakulima, mashamba yao yako kandokando ya mto. Waorma na Wawardei ni wafugaji, na kiangazi kikikaza ni lazima mifugo ifike mtoni. Njia za mifugo kuingia mtoni, yaani malka, zikizibwa na mashamba, mfugaji huona anafungiwa uhai. Mifugo ikiingia shambani, mkulima huona njaa imeingia nyumbani. Ongeza hapo mvutano wa hatimiliki za ardhi, na siasa za viti vya kaunti kabla ya uchaguzi wa 2013, ambao ulikuwa wa kwanza chini ya ugatuzi. Si mara ya kwanza pia, kwani jamii hizo hizo zilipigana mwaka 2001.

Wapokomo wana baraza lao la wazee, Gasa. Waorma wana lao, Matadeda. Ni mabaraza yenye heshima kubwa, na hakuna anayeweza kupatanisha Tana akiyaruka. Lakini kwa mila yote mawili ni ya wanaume. Kwa hiyo amani inapoachiwa mabaraza hayo peke yake, nusu ya watu wa Tana wanazungumziwa bila wao kuzungumza.

Tusisahau kwamba vita humpata mwanamke kwa njia zaidi ya moja. Riketa, wanawake waliuawa. Mpeketoni, kaunti jirani ya Lamu, ilikuwa kinyume chake: mashambulizi ya Juni 2014 yaliua zaidi ya watu 60 katika mji huo na vijiji vya karibu, na karibu wote walikuwa wanaume. Huko wanawake walibaki hai, lakini walibaki wajane, na shamba, madeni, karo na watoto mikononi mwao. Upande wowote utakaouangalia, anayebeba gharama ya vita kwa muda mrefu zaidi ni mama, iwe amezikwa au amebaki kuzika.

Mambo matatu yanayobaki nje

La kwanza ni ardhi ya mjane. Wazee wakikutana huzungumzia mpaka wa jamii na jamii: malka ipite wapi, shamba liishie wapi. Hilo ni la lazima. Lakini ndani ya mpaka huo yumo mwanamke ambaye mume wake ameuawa, na ambaye kwa mila haki yake ya kulima ilipitia kwa mume. Watu wakirudi vijijini, yeye anarudi wapi? Shemeji akisema shamba ni la ndugu yake, nani atamtetea? Kama hakuna aliyeliuliza swali hilo kwenye kikao, mkataba utaeleza haki ya jamii kurudi, lakini familia yake yeye itabaki kambini au kwa jamaa.

La pili ni ubakaji. Katika kikao cha wanaume na maafisa, ni mwanamke gani atasimama aeleze alichofanyiwa? Na mwanamume gani atasema kwa niaba yake, ilhali anaona ni aibu ya ukoo? Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, iliwafanyia wanawake vikao vyao peke yao sehemu mbalimbali za nchi. Sababu ni rahisi: katika vikao vya hadhara mwanamke husimulia mateso ya mumewe na wanawe, yake mwenyewe huyameza. Na hata jambo likijulikana, mara nyingi humalizwa kwa maslaha. Wazee wa pande mbili huelewana, mifugo au pesa hutolewa, na aliyetendewa haulizwi lolote.

La tatu ni thamani ya uhai wenyewe. Mwaka 2001 viongozi wa jamii za wafugaji wa kaskazini walikutana Modogashe na kufikia azimio ambalo limesaidia kwa mengi, hasa kuhusu malisho, maji na wizi wa mifugo. Lakini azimio hilo liliweka pia fidia ya mtu aliyeuawa: mifugo 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Je, kama wanawake wangekuwa nusu ya waliokaa kwenye kikao kile, hesabu ingetoka hivyo? Huo ni mfano wa wazi wa kinachotokea wengine wanapokuandikia bei.

Wajir walianza sokoni

Kuna watakaosema mwanamke hana uwezo wa kusimamisha vita. Jibu liko Wajir.

Mwaka 1992 na 1993, ukame na vita vya koo viliufanya mji wa Wajir usikalike. Chuki ilifika hadi sokoni, mwanamke wa ukoo huu hamuuzii wala hanunui kwa mwanamke wa ukoo ule. Kikundi kidogo cha wanawake wa koo tofauti, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, kikaamua kuanza na soko hilo. Hawakuanza na gavana wala Umoja wa Mataifa. Walikubaliana kwamba soko liwe wazi kwa kila mtu, wakaweka wanawake wa kuangalia, na palipotokea ugomvi wakaushughulikia hapo hapo kabla haujafika kwa vijana wenye bunduki.

Soko lilipotulia, waliwafuata wazee, hasa wa koo ndogo ambazo hazikuwa vitani, wakawaomba wafungue mazungumzo. Wazee wakakutana, na mwaka 1993 likatoka Azimio la Al Fatah. Vijana, wafanyabiashara na viongozi wa dini wakaingizwa kazini. Mwaka 1995 juhudi hizo ziliunganishwa na utawala wa wilaya kuwa kamati moja ya amani na maendeleo, na mfano huo ndio uliokuja kuigwa nchini kote. Kamati za amani tunazoziona leo hadi huku Pwani zina asili yake katika wanawake wale wa sokoni. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki mwaka 2011 kutokana na ajali ya barabarani.

Somo la Wajir si kwamba wanawake ni malaika. Wanawake wa jamii nyingi, za wafugaji na zisizo za wafugaji, wamewahi kuimba nyimbo za kuwasifu vijana wanaokwenda kupigana na kuwakejeli wanaobaki. Mwanamke aliyefiwa anaweza kudai kisasi kwa sauti kubwa kuliko mwanamume. Hiyo ni sababu ya kumweka kikaoni, si ya kumwacha nje. Mwenye uwezo wa kuchochea ana uwezo wa kutuliza, na aliyeachwa nje ya mkataba hana deni nao.

La pili ni kwamba wanawake wana mahali pa kukutana ambapo wanaume hawana. Garsen, mama wa Kiorma anayeuza maziwa na mama wa Kipokomo anayeuza ndizi au maembe hutazamana kila siku ya soko. Mmoja akikosa kuja, mwenzake anajua. Watoto wakizuiwa kwenda upande wa pili, mama anajua. Dalili za vita huonekana sokoni, kisimani na zahanati kabla hazijafika ofisi ya kaunti kamishna. Anayeziona dalili hizo hana kiti kwenye kamati. Aliye na kiti hazioni.

Na mwaka 2008?

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100, Kofi Annan alikuja na wenzake wawili, Graça Machel na Benjamin Mkapa. Kila upande ulikuwa na wajumbe wanne, na kila upande ulikuwa na mwanamke mmoja: Martha Karua kwa PNU na Sally Kosgei kwa ODM. Wawili kati ya wanane. Si wengi, lakini ni zaidi ya kawaida ya dunia. Hesabu za mazungumzo makubwa ya amani kati ya 1992 na 2019 zinaonyesha kwamba wanawake walikuwa kwa wastani asilimia 13 ya wajumbe na asilimia 6 ya wapatanishi na ya waliotia sahihi.

Nje ya chumba, wanawake wa vyama na makabila tofauti waliungana, na Januari 2008 wakawasilisha madai yao kwa Annan na wenzake. Mazungumzo yale yalizaa Tume ya Waki, ambayo ilitenga sura nzima ya ripoti yake kwa ubakaji na dhuluma nyingine za kingono. Ukatili huo, ambao zamani ungeitwa mambo ya vita, ukaandikwa kama uhalifu.

Lakini kuandikwa si kutendewa haki. Manusura wanane walilazimika kwenda Mahakama Kuu mwaka 2013 kuishtaki serikali. Hukumu ilitoka Desemba 2020, karibu miaka 13 baada ya ghasia: wanne kati yao walipewa fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Ni ushindi, ila tujiulize ni wangapi hawakuwa na wakili, hawakuwa na cheti cha hospitali, au walikata tamaa njiani.

Sheria inasema nini

Hapa ndipo wanawake wengi, na wazee wengi pia, hawajaambiwa. Kushiriki katika amani hakutegemei huruma ya mwenyekiti wa kikao. Ni haki iliyoandikwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inasema wanawake na wanaume wana haki sawa, na kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Kamati ya amani inayoteuliwa na serikali haiwezi kusema sharti hilo haliihusu.

Kifungu cha 159 kinatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Gasa na Matadeda wana nafasi yao kisheria. Lakini kifungu hicho hicho kinasema njia hizo zisitumike kwa namna inayokiuka haki za msingi za binadamu. Yaani mila inakaribishwa, ila haina ruhusa ya kumpunguza mtu.

Kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila za ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaenda mbali zaidi: mwanamke aliyeolewa katika jamii huwa mwanachama wa jamii hiyo, na mume akifariki uanachama wake hudumu hadi atakapoolewa tena. Mjane aliyefukuzwa shambani kwa sababu mume ameuawa ana pa kushika.

Na kuhusu maslaha katika kesi za ubakaji: kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, uamuzi wa kusimamisha mashtaka uko kwa mwendesha mashtaka wa serikali. Haumo mikononi mwa mzee, chifu wala mzazi.

Juu ya hizo kuna Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Oktoba 31, 2000. Linazitaka nchi zihakikishe mambo manne: wanawake washiriki katika maamuzi ya amani, walindwe wakati wa vita, wahusishwe katika kuzuia migogoro, na mahitaji yao yazingatiwe katika misaada na ujenzi mpya. Kenya ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kutekeleza azimio hilo mwaka 2016, na ukapewa jina la Kiswahili: Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani. Mpango wa pili ukafuata mwaka 2020. Jina tunalo. Kazi iliyobaki ni kulishusha kutoka Nairobi hadi chini ya mwembe.

Kuhudhuria si kushiriki

Lipo jibu ambalo viongozi hupenda kulitoa: "Lakini akina mama tuliwaita, na walikuja." Kuitwa kuna namna nyingi. Ukimwita mama kikao cha saa tatu asubuhi, mahali pa mwendo wa saa nne kwa miguu, na mtoto mgongoni, umemwita asije. Ukiendesha kikao kwa Kiswahili cha ofisini bila mkalimani wa Kiorma au Kipokomo, umemwita asisikie. Ukimweka mwanamke mmoja kati ya wanaume ishirini, umemwita apige makofi. Na ukimchagua mke wa mwenyekiti au dada wa chifu kuwakilisha wanawake wote, umeongeza sauti ya mwenyekiti, si ya wanawake.

Wengine huogopa kwamba mila zitaharibika. Hofu hiyo isipuuzwe, maana wazee ndio wanaoheshimiwa na vijana wenye silaha, na mkataba wasioukubali hautafika mbali. Wajir hawakuwapindua wazee. Waliwafanya wazee wafanye kazi ya uzee. Kinachotakiwa ni kuongeza viti, si kuwaondoa waliokaa.

Ya kudai kabla ya kikao kijacho

Kwa mwanamke wa Tana, Lamu au popote penye mgogoro, na kwa mwanamume anayetaka watoto wake wasirithi vita, haya ni madai ambayo hayahitaji mfadhili:

Wanawake wakutane kwanza peke yao, wa kila upande na ikiwezekana wa pande zote, wakubaliane wanataka nini kabla ya kwenda kikaoni. Aliye peke yake hunyamazishwa. Aliyetumwa na wenzake hamsini husikilizwa.

Majina ya wajumbe yatajwe hadharani kabla ya siku ya kikao, na wanawake wasipungue theluthi moja. Wajane na waliohama wawemo.

Mkataba usomwe kwa lugha za pande zote mbili kabla ya kutiwa sahihi, na uwe na vifungu kuhusu kurudi kwa wajane kwenye mashamba yao, kesi za ubakaji kupelekwa polisi na hospitali, na fidia isiyotofautisha mwanamke na mwanamume.

Itajwe pia nani atafuatilia na lini atatoa ripoti, na wanawake wa sokoni wawe sehemu ya wanaotoa tahadhari mapema. Chifu akiambiwa na muuza maziwa kwamba hali si nzuri, alichukulie kama taarifa ya usalama, si umbea.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli. Lakini Kiswahili hakikusema mzee ni mwanamume. Bibi aliyezika wanawe wawili mwaka 2001 na mjukuu mwaka 2012 naye ni mzee, na analijua neno hilo linavyoharibika kuliko yeyote aliyeketi kitini. Msogezeeni kiti.